Kutoka Msasani Mpaka Karema: Nilikwenda Katavi Kumjua Mchumba Wangu

Mpenzi msomaji, tuambiane ukweli. Ukitaka kutoka na mwenzi wako siku mbili tatu, akili inakimbilia wapi? Zanzibar. Mfuko ukigoma, Bagamoyo: mnapiga picha kwenye magofu ya Kaole, mnakula kamba, Jumapili jioni mko kwenye foleni ya kurudi mjini. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Katavi nilikuwa naisikia kwenye taarifa ya hali ya hewa tu.

Mpaka siku mama yangu alipotamka neno moja sebuleni kwetu Msasani, mbele ya mjomba na shangazi wawili, soda zikiwa bado hazijafunguliwa: "Sisi hatumwozi binti yetu kwa mkimbizi."

Mkimbizi anayesemwa ni fundi umeme, ana kitambulisho cha taifa mfukoni, anashabikia Yanga mpaka anakera, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Amezaliwa Katumba, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Wazazi wake waliingia nchini wakiwa watoto wadogo, familia zao zikikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Basi. Hilo ndilo kosa lake.

Ila na yeye alikuwa na kosa lake, na hili halikumhusu mama. Miaka miwili tulipokuwa pamoja aliniambia ni Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi vinakaribiana sana, kwa hiyo hata alipoongea na ndugu zake kwenye simu sikushtuka. Ukweli niliupata siku ya kupanga barua ya posa. Hebu jiulize, wewe ungefanya nini?

Shangazi yangu mdogo ndiye aliyeokoa jahazi. Alinivuta jikoni akaninong'oneza: "Kabla hujakubali wala hujakataa, nenda ukawaone watu kwao. Na mlale vyumba tofauti." Nauli akatoa yeye. Agosti tukaondoka.

RELI ILIYOFUATA RISASI

Basi mpaka Tabora, halafu treni. Najua utasema barabara sasa ni lami, kwa nini kujitesa? Ni kweli, kwa basi kupitia Inyonga unafika mapema zaidi. Lakini mwenzangu alisisitiza treni, na namshukuru, kwa sababu reli hiyo yenyewe ni historia.

Treni ya Mpanda inaachana na reli ya Kigoma pale Kaliua, inakata kusini kiasi cha kilomita 210 katikati ya miombo. Ilifunguliwa mwaka 1950. Usidhani Waingereza waliijenga ili wakulima wa huko wasafiri raha mustarehe. Walifuata risasi! Na mimi niliposikia hivyo nilifikiri bunduki, abiria wenzangu wakacheka. Ni madini ya risasi, yale mazito ya kijivu. Kampuni iliyoitwa Uruwira Minerals ilikuwa na mgodi Mukwamba, karibu na Mpanda, na mzigo ulihitaji njia ya kwenda pwani. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Yaani reli yote ile, madaraja yote yale, halafu miaka kumi tu mwenye shughuli akafungasha. Kilichobaki ni mji. Wachimbaji wakaondoka, wakulima wa mpunga na mahindi, wafanyabiashara na wauza asali wakachukua nafasi.

Asali ndiyo hasa. Kila kituo kina mama anayekimbia pembeni mwa dirisha na chupa mbili mkononi. Onja kwanza, usinunue kwa macho, maana nyingine imechemshwa na sukari. Tukavuka mto Ugalla, baridi inaingia dirishani, watoto wamelala juu ya magunia. Hapo ndipo mwenzangu alipoanza kunyamaza.

Treni ikasimama Katumba. Watu wakashuka na mabegi yao na kuku wao. Yeye amekaa tu, anaangalia nje.

"Si hapa ndipo kwenu?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Sasa mbona hatushuki?"

"Tutarudi. Kwanza nikutembeze."

Nikajua anaogopa. Hakuwaogopa wazazi wake, alikuwa ananiogopa mimi, asije akaiona sura yangu nitakapofika pale. Treni ikaondoka tukaendelea mpaka mwisho wa reli.

MPANDA, MJI WA MWISHO WA RELI

Sitawadanganya, Mpanda si mji wa kukukaribisha kwa mbwembwe. Kuna vumbi jekundu, bodaboda wengi, na gesti yetu ilikuwa na bomba zuri linalong'aa ambalo halitoi maji. Lakini watu wake hawana haraka, na sahani ya wali wa huku na migebuka kutoka Ziwa Tanganyika ni kitu ambacho nikirudi tena nitakula mara mbili kwa siku.

Ulikuwa mji wa wilaya chini ya Rukwa mpaka mwaka 2012 mkoa wa Katavi ulipozaliwa na Mpanda ikawa makao makuu. Ni miaka ile Waziri Mkuu alikuwa Mizengo Pinda, mzaliwa wa Kibaoni huko huko. Pitia stesheni asubuhi. Kaa tu kwenye benchi uangalie reli inavyokoma. Kuna hisia fulani ya ajabu kuona chuma kilichotoka Dar es Salaam kinafika mahali kinasema basi, siendi mbele.

UGOMVI CHINI YA MKWAJU

Kutoka Mpanda mpaka Sitalike, lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ni mwendo wa chini ya saa moja. Tulichangia gari na watalii wengine wawili, walimu kutoka Sumbawanga, ili tugawane gharama. Hifadhi ina kilomita za mraba 4,471, Wajerumani walianza kuilinda eneo lake mwaka 1911, na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Kiangazi mto Katuma unabaki madimbwi, na viboko wanasongamana humo kwa mamia, wamepandana kama magunia ya mkaa, wanagombana, wananuka. Mamba wao wanajichimbia kwenye kingo za mto, wamelala ndani ya mashimo wanasubiri mvua. Nimekaa nikiwaangalia mpaka nikasahau kupiga picha.

Lakini mimi nilikuja kwa historia, na ya Katavi imesimama chini ya mti. Jina la hifadhi linatokana na Katabi, mwindaji wa zamani ambaye Wabende na Wapimbwe wanaamini roho yake inakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu bado wanapeleka sadaka pale na kumwomba baraka. Mwongozaji wetu akatuambia, anayeomba pale asiwe na uongo moyoni.

Eh! Mdomo wangu ukaponza. "Basi wewe usiombe," nikamwambia mchumba wangu, "Muha wa Kasulu."

Tukagombana. Tena laivu, mbele ya mwongozaji na wale walimu, mbung'o wakitung'ata kila upande. Nilimuuliza ni kitu gani kingine amenificha. Akasema hakuna. Nikamuuliza kama angeniambia lini, tukiwa na watoto wawili? Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Shule ya sekondari nilisema kweli. Niliitwa mkimbizi miaka minne. Chuo nikasema Muha, nikaitwa kwa jina langu. Wewe nilikukuta nimeshazoea."

Sikuwa na la kujibu. Mwongozaji, ambaye kumbe alikuwa anasikiliza kila neno, akakohoa kidogo akaanza kutueleza habari za malale. Nafikiri alitaka kutusaidia. Katika miaka ya 1920 na 1930, akasema, Waingereza waliwatoa watu wengi wa maeneo haya kwenye vijiji vyao vya asili, wakawakusanya kwenye makazi ya pamoja ili mbung'o wasiwamalize. Ndiyo maana ukipita porini unakuta miembe mahali ambapo hakuna nyumba hata moja. "Hapa ukiuliza mtu kwenu wapi," akamaliza, "jiandae kukaa chini, maana jibu ni refu."

Usiku huo tulilala vyumba tofauti, na safari hii si kwa sababu ya shangazi.

TEMBO WA MSASANI

Sasa tufike Karema, ambako mimi ningekwenda hata bila mchumba. Ni zaidi ya kilomita mia moja kutoka Mpanda kuelekea magharibi, unashuka milima, halafu ghafla Ziwa Tanganyika linafunguka mbele yako, bluu mpaka mwisho wa macho, na ng'ambo ni Kongo.

Agosti 1879 afisa Mbelgiji, Kapteni Ernest Cambier, alianzisha kituo hapa kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili. Ndiyo, Leopold yule yule wa Kongo. Kabla hajagusa Kongo, hatua yake ya kwanza ya ardhini ilikuwa hapa, kwenye mkoa wetu huu ambao wengi hatuujui. Wakajenga ngome kwenye kilima karibu na maji.

Na hapa ndipo Msasani inapoingia. Mwaka huo huo wa 1879, mfalme aliagiza tembo wanne kutoka India, waliofugwa na kufundishwa kazi. Wazo lilikuwa wabebe mizigo badala ya wapagazi, na wasaidie kuwakamata na kuwafundisha tembo wa Kiafrika. Waliteremshwa kutoka melini wakaogelea mpaka ufukweni. Ufukwe gani? Msasani! Pale pale ambapo mimi nimekulia nikila mihogo ya kukaanga, hakuna aliyewahi kuniambia. Halafu wakatembezwa kwa miguu mpaka Tabora na kuendelea. Mmoja baada ya mwingine wakafa njiani. Aliyefika Karema ni mmoja tu, jike aitwaye Pulmalla, Desemba 1879, naye hakudumu. Kiongozi wa msafara, Frederick Carter, aliuawa na mwenzake Cadenhead mwezi Juni 1880 huko Mpimbwe, walipojikuta katikati ya vita vya Mirambo. Mpimbwe hiyo leo ni halmashauri ndani ya Katavi.

Mimi nilipanda basi na treni nikalalamika kiuno. Pulmalla alitembea.

Na ziwa nalo likawafanyia mzaha wenye ngome. Maji yalikuwa yameanza kupungua baada ya kupata njia ya kutokea mto Lukuga upande wa Kongo, na miaka ilivyokwenda ufukwe ukaikimbia ngome, ikabaki imekaa mbali na maji kama meli iliyokwama. Mmoja wa makamanda wake waliofuata, Émile Storms, aliyefika mwaka 1882, alivuka ziwa akajenga kituo kingine Mpala, na Desemba 1884 watu wake wakamuua chifu Lusinga. Fuvu la chifu Storms akaondoka nalo mpaka Ubelgiji. Sanamu ya Storms ilikuwa bado imesimama kwenye bustani mjini Brussels mpaka ilipoondolewa mwaka 2022. Fuvu limekaa huko miaka yote hii.

Mwaka 1885 Wabelgiji wakaikabidhi Karema kwa mapadri wa White Fathers, na maisha ya misheni yakaanzia ndani ya ngome ile ile. Ukifika leo, omba ruhusa kwanza parokiani, usianze kupiga picha ovyo. Sisi tulimpata mzee mmoja katekista mstaafu, tukamwamkia, akatutembeza taratibu na fimbo yake.

DAKTARI ALIYENUNULIWA

Mzee ndiye aliyetufikisha kwenye habari ya Adrien Atiman. Wakazi wa Dar mnalijua jina hili kutokana na jengo la Atiman House, lakini ni wangapi mmewahi kuuliza Atiman ni nani?

Alizaliwa miaka ya 1860 kando ya mto Niger, katika nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria, ambako mapadri walimnunua na kumwacha huru. Wakamsomesha, wakampeleka Malta kusomea uganga wa kisasa, na mwaka 1889 akafika Karema akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hakuondoka tena. Alitibu watu wa ziwa hili miaka 67, akawa daktari na katekista kwa pamoja, akafa mwaka 1956 na kuzikwa hapa hapa. Alimuoa binti wa Kibende, Agnes Wansahira, na mtoto wao Joseph akawa padri.

Si yeye peke yake. Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuja kuilinda misheni dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa, alifika Karema mwaka 1886, akahamia ng'ambo ya ziwa, akamuoa Agnes Atakaye mwaka 1888 na kubaki huko mpaka alipokufa mwaka 1927. Akina Agnes wa Tanganyika, jamani, walikuwa na kazi!

Mimi akili yangu ilikuwa kwa Agnes wa kwanza. Binti wa watu, analetewa mume ambaye hajulikani ukoo, hana baba wa kuleta posa, na amewahi kununuliwa kama mbuzi. Nikamuuliza mzee: "Babu, hivi watu wa huku hawakumuuliza kwao wapi?"

Mzee akanitazama, akamtazama mwenzangu, akacheka meno mawili. "Wewe mjukuu wangu, mtoto wako anachemka homa usiku, mganga anagonga mlango na dawa. Utamuuliza kwao wapi?"

Tulikwenda kukaa ufukweni. Bandari mpya ya Karema ipo pale, imejengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 40 kwa ajili ya mizigo ya Kongo, na wavuvi walikuwa wanaanika dagaa. Mchumba wangu akaniambia, bila kuniangalia, "Kesho twende nyumbani."

KATUMBA

Katumba si kambi ya mahema kama mnavyoona kwenye televisheni. Ni vijiji, mashamba ya muhogo na maharage, makanisa, shule, barabara zilizonyooka kwa sababu zilipimwa kabla watu hawajaletwa. Ilianzishwa mwaka 1973, na jirani yake Mishamo mwaka 1978. Watu walipewa ardhi na majembe, wakafyeka pori, wakajilisha wenyewe na kuuza kinachobaki. Ila kutoka nje ilibidi uombe kibali, kana kwamba unasafiri nchi nyingine.

Mama mkwe alinipokea kwa magoti, nikashtuka, na mimi nikapiga magoti, tukabaki wote chini tunacheka. Aliletwa hapa mgongoni mwa mama yake. Jioni, baada ya ugali wa muhogo, akatoa sanduku chini ya kitanda na ndani yake mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Vyeti vya uraia.

Mwaka 2008 waliulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Makumi ya maelfu walirudi, akiwemo baba mkwe wake, aliyesema anataka kufa alipozaliwa. Bibi akakataa kwenda. Akasema watoto wake wako hapa na kaburi la mwanawe liko hapa. Wazee wawili waliokimbia pamoja wakiwa vijana, wakaagana uzeeni. Waliobaki wakasubiri miaka, maana awali ilitakiwa wahamishwe tena wakasambazwe mikoa mingine. Vyeti viliwafikia mwaka 2014, kwa watu wapatao 162,000 katika Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na wakaruhusiwa kubaki walipo.

"Soma," akaniambia, akinipa cha kwake. "Jina liko sawasawa?" Nikasoma kwa sauti. Akanitaka nisome tena.

Nikampigia mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu, nimeipanga tangu Karema, na Atiman ndani yake. Mama hakunipa nafasi. Akauliza nimekula nini, nimelala wapi, na kama kuna mbu. Halafu kimya. Halafu: "Huyo mama yake yupo hapo? Hebu mpe simu."

Nikampa. Mama mkwe akatoka nje na simu yangu, akakaa kwenye mkeka chini ya mwembe. Nilisikia "shikamoo" ya mama yangu ikitoka kwenye spika, na mama mkwe akiikataa, "hapana dada, sisi ni rika moja," wakabishana umri, kisha sauti zikashuka. Sisi wawili tukabaki mlangoni tunaangalia mgongo wake. Dakika kumi. Ishirini. Salio likaisha, akarudi ananikabidhi simu.

"Amesema anataka asali," akasema. "Lita tano. Na amesema isiwe ya kuchemshwa."

KAMA NA WEWE UNATAKA KWENDA

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Mvua zikianza sehemu kubwa ya hifadhi inazama kwenye tope. Usivae bluu wala nyeusi porini, mbung'o wanazipenda rangi hizo. Kwa Karema ulizia usafiri Mpanda siku moja kabla, na ubebe pesa taslimu. Ukipita vijijini nunua asali kwa mfugaji mwenyewe, na chupa uifunge vizuri. Ya kwetu moja ilimwagika kwenye begi kabla hatujafika Kaliua.